Biva wa Saa Mbili na Dakika Kumi

Nuru ya Aprili, kule Hälsingland, kaskazini ya mbali, haina haraka ya kuondoka. Hukawia juu ya maji, hukawia juu ya magome meupe ya miti, hukawia juu ya vipande vya theluji vilivyojificha nyuma ya mawe, na mtu aliyeketi kuitazama husahau kwamba nuru nayo ina kwao. Jioni hii ninayoisimulia ilikawia juu ya bwawa la kijito cha Gåsbäcken, juu ya ukuta wa fito na matope ambao hakuna mkono wa mwanadamu ulioujenga, na juu ya watu wawili walioketi kwenye ubao, chupa ya kahawa katikati yao.

Mmoja ni Tyra Näsman, aliyewapikia watoto wa shule miaka thelathini na minne mpaka akastaafu. Wa pili ni mdogo wake Elof, aliyekata misonobari ya watu wengine mpaka mgongo ukamkataza. Tyra ni mjane, Elof hakuoa. Wanaishi katika nyumba ya wazazi wao, dada juu, kaka chini, na humo ndani maneno yao ni ya kuni, ya ndoo, ya nani amemaliza maziwa. Nyumbani ni ndugu. Bwawani ni marafiki. Mimi nimeishi nao jirani miaka mingi na bado sijui kwa nini watu wengine ulimi wao hufunguka penye maji tu.

"Mama Mkwe kachelewa," Elof alinong'ona.

"Hajachelewa. Saa yako ndiyo ina kiherehere."

Saa mbili na dakika kumi za jioni, kushoto kwa mti ulioinama, maji yalijikunja, na kichwa cha kahawia kikatokea. Huyo ndiye biva jike, mnyama wa majini azibaye vijito kwa miti aitafunayo, mwenye meno ya rangi ya chungwa na mkia bapa kama mwiko wa ugali. Elof alimwita Mama Mkwe kwa sababu kila jioni aliukagua ukuta wote, ufito kwa ufito, na hakuna siku aliyotosheka. Nyuma yake alikuja dume, Fundi, akikokota tawi lililomzidi kimo. Na nyuma kabisa, akielea chali chali kwa raha zake, alikuja kijana wao wa miaka miwili, ambaye hakuwahi kuonekana akibeba hata kijiti. Huyo walimwita Mzembe.

"Mtazame," Tyra alisema. "Wenzake wanajenga, yeye anakula ukuta."

"Ana akili huyo. Angezaliwa mtu angekuwa mwenyekiti."

Wakacheka kwa pua, mikono mdomoni, wasiwashtue. Bata wawili walishuka wakachora mistari juu ya maji. Popo wa kwanza akapita. Korongo alisimama mguu mmoja kwenye majani makavu, mvumilivu kuliko padri. Tyra alifungua daftari akaandika kama alivyoandika kila jioni kwa miaka kumi na moja: tarehe, saa, nani katokea, wapi, upepo unatoka upande gani. Fisi maji aliandikwa mara nne tu katika miaka yote hiyo, na mara zote nne Tyra alipiga mstari chini yake.

Ewe bwawa, ulikuwa mdogo. Mtu angeweza kukuzunguka kabla kahawa haijapoa. Lakini wote hao walikunywa kwako, na hao wawili wa ubaoni nao walikunywa kwako.

Sasa, maji hayana adabu ya mipaka. Mwaka ule yalipanda. Yalifunika nusu ya shamba la viazi la Elof, yakaingia chini ya sakafu ya nyumba yao, na yakaanza kulamba kalvati ya barabara. Na barabara ile si ya serikali. Ni ya kaya kumi na nne zinazoipita, nazo zina chama, na chama kina mwenyekiti, Barbro, mama mpole mwenye sauti ya kuombea msamaha, na Barbro ana nyundo ndogo ya mbao.

Kikao kilikaa Jumamosi ya katikati ya Aprili, ukumbini, kwa mikate ya iliki na kahawa. Ajenda ya tisa ilikuwa biva. Wapigwe risasi na ukuta ubomolewe kabla ya katikati ya Mei, yaani kabla ya watoto kuzaliwa, ndivyo sheria inavyotaka. Na ukuta ukionekana tena, ifanyike vivyo hivyo bila kikao kingine.

"Je, kikao kinakubali?" Barbro aliuliza.

Hapa nieleze jambo moja, maana ndilo lililoua. Watu wa pale hawapigi kura. Kunyoosha mikono ni kwa vijiji vyenye ugomvi. Mwenyekiti huuliza, wachache husema ndiyo kwa sauti ya kikohozi, kisha mwenyekiti hungoja kidogo, na kama hakuna aliyesema hapana, nyundo hugonga. Neno hapana halijakatazwa. Lipo, kama vile vyombo vya marehemu mama vilivyo kabatini. Ila hakuna anayelitoa.

Tyra aliifungua midomo. Kisha akaitazama mikono ya kaka yake juu ya meza, yenye nyufa za udongo ambazo sabuni haitoi, akakumbuka shamba la viazi lililozama. Akajiambia: ni lake, linamuuma, mimi ni nani nimzibie. Akaifunga midomo.

Elof alivuta pumzi ya kusema. Kisha akayatazama mabuti ya dada yake, yaliyolowa mpaka kifundoni, maana Machi nzima alikuwa akichota maji chini ya sakafu kwa ndoo, peke yake, akiwa na miaka sabini na mitatu. Akajiambia: amechoka, hataki kusema kwa kunihurumia. Akaitoa pumzi bila neno.

Barbro alingoja. Mtu alikata mkate wa iliki. Nyundo ikagonga.

Kisha, kwa kuwa kila muhtasari huhitaji watu wawili waaminifu wa kuusoma na kutia sahihi kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa, kikao kiliwachagua Tyra na Elof Näsman. Hakuna aliyepinga hilo nalo.

Walirudi kwa miguu, barabarani kukiwa na tope la theluji inayoyeyuka.

"Haya, viazi vyako vimepona," Tyra alisema.

"Viazi gani?"

"Vya shambani, vya chini ya maji. Viazi gani tena?"

"Dada, mimi mwaka wa tatu huu nanunua viazi dukani. Mgongo wangu unajua hilo, wewe hujui?" Elof alisimama. "Mimi nilidhani wewe umechoshwa na ile ndoo."

"Ndoo ni ndoo tu. Nilikuambia lini nimechoka?"

"Hukuniambia."

"Basi mbona hukusema kitu?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Walisimama pale. Gari la jirani liliwapita, dereva akapunga mkono, nao wakapunga, maana adabu haisubiri moyo. 

Tyra alipofika nyumbani alimpigia Barbro simu bila kuvua koti. Barbro alisikiliza mpaka mwisho, na wema wake ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Lakini Tyra, dada yangu, nyundo imeshagonga. Kaya zote zimesikia, Torgny mwindaji ameshapewa kazi, katapila imeshakodiwa. Mtu mmoja tu angesema hapana tungeahirisha! Mmoja tu. Nilingoja, kumbuka. Nilikutazama wewe nikangoja."

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, huja mwisho. Huyu wa Tyra hakungoja hata jioni.

Muhtasari uliletwa Jumanne. Waliusoma mezani jikoni, miwani moja ikipokezanwa. Ajenda ya tisa: hakuna aliyepinga. Elof alitafuta uongo katika mstari ule kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, na hakuna uongo aliouona. Lilikuwa kweli kila neno. Kwa hiyo akatia sahihi, na Tyra akatia chini yake, kwa sababu hawakuwahi maishani mwao kukataa kuthibitisha jambo la kweli.

Alhamisi alikuja Torgny. Usinitarajie nimfanye Torgny shetani. Ingekuwa rahisi, na ningelala vizuri. Torgny ni mwindaji mwenye mikono mizito na moyo laini, aliyemzika mbwa wake ndani ya shati lake mwenyewe la harusi. Alivua viatu mlangoni, akaketi ukingoni mwa kiti, kofia magotini, akakataa kahawa mara mbili na kuipokea mara ya tatu kama inavyopasa.

"Nimekuja na ombi," alisema. "Linaniumiza, lakini nisipoomba nitaumia zaidi. Biva akipigwa vibaya huzama na jeraha lake. Huenda akafia chini ya nyumba yake, siku mbili, siku tatu. Nimeliona hilo mara moja na sitaki kuliona tena. Nataka risasi moja kwa mnyama mmoja. Na hapa kijijini hakuna anayewajua kama nyinyi."

 Jokofu lilinguruma, likanyamaza.

Tyra aliwaza kudanganya. Aliona uongo wote, mzima, tayari mdomoni: hutokea upande wa kulia, saa tatu na nusu, hutokea popote, hawana saa. Kisha akaona uongo huo ukienda mpaka mwisho wake, akaona giza likiingia, mtu akilenga upesi kwa wasiwasi, na Mama Mkwe akizama na risasi ubavuni, akijikokota ndani, akihema. Njia zote mbili zilikuwa zimefungwa, naye alizisikia zote mbili zikifungwa.

Elof ndiye aliyesema. Aliitazama meza.

"Saa mbili na dakika kumi. Kushoto kwa mti ulioinama. Kwanza hunusa. Upepo ukitoka magharibi hatakujua. Hutulia kabisa pumzi tatu kabla ya kuogelea, kichwa chote juu ya maji." Akameza mate. "Kaa kwenye ubao wetu. Hapo ndipo pazuri."

Tyra aliinuka akaleta daftari. Miaka kumi na moja ya jioni zake, alizoziandika kwa mapenzi na kalamu ya risasi, alimwekea Torgny mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako. Na hao ndugu wawili walikuwa wameishona nguo hiyo wenyewe, uzi kwa uzi, wakidhani ni ya kujifunika baridi.

Ijumaa jioni walifunga madirisha. Redio ilisema, hawakuisikia. Elof alikaa akimenya viazi, vya dukani. Saa ya ukutani ilifika saa mbili na dakika kumi, na kutoka bondeni ukaja mlio mmoja, mkavu, usio na mwangwi. Elof alimenya. Saa mbili na dakika thelathini na moja ukaja wa pili. Elof alimenya mpaka mfuko ukaisha, viazi vya watu ishirini kwa meza ya watu wawili, na Tyra hakumzuia kwa sababu hakuona cha kumpa ashike badala yake.

Torgny alirudisha daftari kesho yake, limefungwa kwa karatasi safi. Na ndani, chini ya mstari wa mwisho wa Tyra, kwa mwandiko wa kujitahidi, alikuwa amejaza naye: Ijumaa, saa mbili na dakika kumi, jike mkubwa. Saa mbili na dakika thelathini na moja, dume. Upepo wa magharibi. Hawakuteseka. Wa tatu sikumwona. Alidhani ni heshima, na ilikuwa heshima. Hakuandika kwamba jike alikuwa na mimba, na Tyra hakuuliza, kwa sababu Aprili ni Aprili.

Katapila ilikuja Jumatatu. Kilichojengwa kwa miaka kumi na moja, kijiti kwa kijiti, tope kwa tope, kwa meno na viganja, kilichukua nusu saa. Maji yaliondoka kwa kishindo, kisha kwa mnong'ono, kisha yakawa matope tu yanayong'aa. Samaki walirukaruka palipokuwa na kina. Bata walizunguka juu, wakashuka, wakapanda, wakashuka tena, hawajui pa kuweka miguu. Korongo alikula siku tatu bila kutoka jasho, kisha naye akaenda zake. Majirani waliokuja na reki kusaidia walipewa kahawa na mikate ya iliki, wakamshukuru Elof kwa ushirikiano. Elof alisema hakuna neno.

Ewe maji, wewe una bahati. Ukiambiwa toka, unatoka, na hakuna anayekuuliza kama uliridhia.

Sijui ningeliishia hapa au la, kama si lile la wa tatu. Mwishoni mwa Aprili, Tyra alipita pale, si kwa kutazama, kwa kupita tu, akaona mahali kijito kinapobana pana vijiti vitatu vimelazwa. Si vijiti vya kuletwa na maji. Vilikuwa vimetafunwa ncha, vimelazwa mshazari, na tope limepakwa juu yake, vibaya, kwa pupa, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Ni Mzembe," alimwambia Elof jikoni. Alikuwa anahema. "Elof, anajenga."

Elof alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Tyra aliiona furaha hiyo ikipanda usoni mwake na kushuka.

"Ukuta ukionekana tena," Elof alisema polepole, "bila kikao kingine. Mimi na wewe tumetia sahihi."

Barabara ilipita hatua arobaini kutoka pale. Kila aliyepita angeona.

Basi wakafanya kilichobaki. Kesho yake alfajiri, nuru ikiwa imeshajaa, kabla jirani yeyote hajaamka, walivaa mabuti marefu ya mpira wakaingia kijitoni na reki, wakaung'oa ukuta wa Mzembe. Walivitoa vijiti vyote, wakavitupa msituni mbali. Walifuta hata tope. Na kando ya ziwa ambamo kijito huishia, kilomita mbili chini, ambako hakuna barabara wala chama, Elof alikwenda akarundika matawi mabichi, na akarudi akiyatazama maji na kumwambia Mzembe, "Nenda kule, mpumbavu we. Nenda kule."

Usiku Mzembe alijenga tena. Vijiti saba.

Asubuhi wakang'oa.

Kumi na moja, na jiwe. Wakang'oa. Tawi nene la kumshinda, lililoachwa njiani nusu, na alama za kucha kwenye tope. Wakang'oa. Jioni hawakukaa tena ubaoni, hawakuthubutu kumtazama. Walimjua kwa kazi yake tu, na kazi yake ilizidi kuwa nzuri kila siku, na hilo ndilo lililowavunja. Yule aliyekula ukuta wa wazazi wake sasa aliweka jiwe chini ya fito kama alivyofanya baba yake.

"Amejifunza lini?" Tyra aliuliza asubuhi moja, reki ikining'inia mkononi. "Hakuwahi kufanya kazi hata siku moja."

"Alikuwa anatazama," Elof alisema.

Tyra alilia hapo, wima, maji magotini, bila kujifunika uso. Kisha akang'oa.

Asubuhi kumi na tisa. Niliziona, dirisha langu linatazama huko, nami sikusema kitu kwa mtu; mimi pia ni wa kijiji hicho.

Asubuhi ya ishirini kijito kilipita bila kizuizi. Elof alisimama palipobana akatazama, akainama, akapapasa chini kwa mkono.

"Hakuna kitu."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama, dada. Hata kimoja."

"Labda ameyaona yale matawi. Labda yuko ziwani."

 Jana yake Elof alikuwa ameshuka mpaka ziwani, na matawi yalikuwa vile vile alivyoyarundika, magome yamekauka, hakuna lililoguswa. Hakuwa amemwambia. Sasa hakuwa na haja ya kumwambia, maana Tyra alimtazama usoni akasoma.

Tyra aliweka reki ukingoni. Akaingia kwenye magugu, akarudi na fimbo mbichi, akailaza mshazari mahali kijito kinapobana, akaishindilia kwa kiganja. Maji yakaichukua. Akaleta nyingine, akapaka tope juu, akaweka na jiwe. Maji yalisita kidogo, yakatafuta, yakapata, yakaichukua nayo. Miaka kumi na moja alikuwa amewatazama wakifanya hivyo kila jioni, na hakujua hata kidogo jinsi inavyofungwa isitoke.

Aliweka ya tatu. Elof akaingia majini kando yake na kuikanyaga kwa buti ncha moja, naye Tyra akaikanyaga ncha ya pili, na ikakaa. Nyuma yake maji yalipanda upana wa kidole. Walisimama hivyo, bega kwa bega, mpaka baridi ikapita kwenye mpira na soksi na ikawapanda magotini, kisha ikabidi watoke.